Malalamiko Kuhusu Wafanyakazi Wanaokataa Kupona kwa Wakati

Kwako Ndugu Meneja Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa mwili na akili. Kama haikukuti hivyo, fomu ziko mlangoni kwangu, za rangi ya waridi, nakala tatu.

Mimi ni Mratibu wa Mpango wa Ustawi na Ushauri Nasaha kwa Wafanyakazi wa kiwanda chetu cha maboksi. Chumba changu ni kile cha mwisho upande wa kushoto, ukishapita stoo ya gundi. Tulikutana siku ya uzinduzi, ulipokata utepe na kusema kwamba kuanzia siku ile hakuna mfanyakazi atakayebeba mzigo wake peke yake. Ukapigiwa makofi, ukaondoka, nami nikabaki na mkasi. Yule mtaalamu aliyeletwa kutoa ushauri alikuja siku hiyo moja tu, akala keki, hajaonekana tena. Kwa hiyo mimi niliyeajiriwa kuratibu ndiye pia ninayeshauri, na kwa kuwa nimeusomea ushauri huo miaka mitatu, sikuona ubaya.

Barua hii nimeichana mara nne. Nikiiandika kwa upole, inasomeka kama naomba radhi. Nikiiandika kwa uchungu, inasomeka kama mgonjwa ni mimi. Hii ya tano nimeamua kuiandika kwa nambari, maana nambari hazina hisia na kiwanda chetu kinazipenda.

Jambo lenyewe ni hili. Ijumaa hii, saa nane mchana, natakiwa niwe nimetia sahihi fomu ya mama mmoja, mkunjaji wa maboksi, ambaye kiwanda kizima kinamwita Mama Kona kwa sababu hawezi kupita karibu na boksi bila kulipima kona kwa dole gumba. Sahihi yangu ikisema amepona, atarudishwa Mashine Namba Mbili. Isiposema hivyo, atapewa barua ya kuachishwa kazi kwa sababu za kiafya. Vikao vyake vitatu, vya dakika arobaini kila kimoja, vimekwisha kama mwongozo unavyotaka. Hajapona. Na nimechunguza nikagundua kwamba ukaidi huu si wake peke yake. Ni tabia inayoenea. Naomba kukueleza.

1. Wafanyakazi wanaleta matatizo ambayo hayamo kwenye fomu.

Utakumbuka kwamba Mpango ulianzishwa kwa haraka na hakukuwa na muda wa kutunga fomu mpya. Mkuu wa Ubora, kwa moyo wake mwema, akatupa ile ya kwake, Fomu ya Boksi Lenye Kasoro. Alifuta neno “boksi” juu kabisa, akaandika “mfanyakazi”, na kuanzia hapo kwenda chini hakugusa kitu. Kwa hiyo mteja anapoingia kwangu naanza kwa kumuuliza kasoro yake ni ya aina gani: kupinda, kuchanika, unyevu, gundi kuachia, au maandishi kufifia. Kisha tunajaza zamu ambayo kasoro ilionekana, na mwisho hatua iliyochukuliwa: kurekebishwa, kukatwa upya, au kusagwa.

Sikulalamika wakati ule na silalamiki sasa. Ni fomu nzuri kuliko inavyoonekana. Wanaolia nawaweka kwenye unyevu. Mtunza stoo ambaye mkewe amerudi kwao nilimweka kwenye gundi kuachia, akaangalia, akasema, “Hapo umenipata.” Karani mzee wa upakiaji, anayeanza kusahau majina ya wajukuu zake, alichagua mwenyewe maandishi kufifia. Safu ya kusagwa sijawahi kuitumia, ingawa kuna mmoja aliiomba.

Tatizo limeanza pale wafanyakazi walipogundua kwamba fomu ina pambizo. Sasa wanaandika pembeni. “Zamu mbili mfululizo, wiki ya tatu.” “Choo cha wanawake hakina komeo, tunashikiana mlango.” “Msimamizi ananiita we binti, na mimi nina binti wa kumzidi yeye akili.” Nimewaeleza kwa subira kwamba haya si kasoro ya mfanyakazi, ni mazingira, na mazingira hayakuletwa kwangu kwa matibabu. Wananitazama kama ninayeongea lugha ya nyuki.

2. Siri inatunzwa vibaya, na wanaoharibu ni wateja wenyewe.

Mwongozo unasema jina la mteja lisitajwe. Tumetii. Tunatumia nambari tu, na ili kurahisisha kazi tukachukua ile ile iliyoshonwa kifuani mwa overoli. Zamu ya mtu ikifika, mlinzi anatangaza kwenye kipaza sauti: “Mia moja arobaini na mbili, mia moja arobaini na mbili, unasubiriwa kwa mambo yako ya siri.” Hakuna jina lililotajwa. Hata hivyo ukumbi mzima unageuka kumtazama mia moja arobaini na mbili, na wengine wanampungia mkono.

Nilitegemea aibu ingewazuia kuja ovyo. Haikuwazuia. Wanatakiana heri. “Nenda ukakaushwe, dada, sisi tutakushikia nafasi.” Na kwenye benchi la kusubiri nje ya mlango wangu wanasimuliana shida zao, wanashauriana, wanacheka, na mara mbili mteja amenyanyuka pale akasema ameshapata alichokifuata, akarudi kazini bila kuingia. Watu wanaponea kwenye foleni, Ndugu Meneja Mkuu. Sina mahali pa kuwaandika. Takwimu zangu za mwezi zinaonyesha benchi lina mafanikio kuliko mimi.

3. Wanakataa kupumua.

Zoezi la kupumua ndilo moyo wa Mpango wetu. Unavuta hewa ukihesabu hadi nne, unaishikilia ukihesabu hadi nne, unaitoa. Kwa bahati mbaya chumba changu kinapakana na stoo ya gundi na ukuta ni wa mbao nyembamba. Wateja wengi wanafika tatu, wanakohoa. Mpishi wa gundi, mtu mwenye adabu kabisa, aliniambia, “Dada Mshauri, mimi napumua vizuri. Hewa ndiyo haipumuliki.” Nikamkumbusha kwamba hapa tunashughulikia kilichomo ndani yetu tu. Akakohoa, akasema, “Basi hata hiyo iko ndani yangu sasa.”

Nilimwandika kuwa mbishi. Asubuhi yake mama yangu mzazi, ambaye ameshona nguo za watu maisha yake yote na kunisomesha kwa cherehani hiyo hiyo, aliniongezea lake. Nilikuwa namweleza kazi yangu mpya kwa fahari. Akakata uzi kwa meno, akaniuliza, “Kwa hiyo, mwanangu, kazi yako ni kuwaambia watu wavute pumzi?” Nikasema ndiyo, kwa kifupi. “Kabla hujaajiriwa walikuwa wanafanyaje?” Nakueleza haya ili ujue kwamba Mpango unapigwa vita hata nje ya kiwanda.

4. Sasa nafika kwa Mama Kona, na hapa naomba unisome polepole.

Mashine Namba Mbili inaendeshwa na watu wawili. Mmoja anasimama kwenye kitufe cha kijani. Mwingine yuko upande wa pili, na karatasi zikikwama kwenye rola yeye ndiye anayezichomoa. Kelele ni nyingi, kwa hiyo hawaitani. Aliye upande wa pili akishatoa mikono anainua mkono juu, mwenzake anauona, anabonyeza. Utaratibu huu haujaandikwa popote. Waliuanzisha wenyewe, Mama Kona na mwenzake anayeitwa Redio, kwa sababu anawaka anapovaa overoli na kuzimika anapoivua. Wamefanya hivyo miaka kumi na moja.

Miaka hiyo yote rola zilikuwa na kifuniko cha chuma. Ukikiinua ili uchomoe karatasi, mashine inakata moto, haiwaki hata ubonyeze mpaka kesho. Kisha, kwa busara ambayo sina elimu ya kuipima, uliagiza kifuniko kiondolewe, maana kukiinua na kukishusha kulikula dakika. Fundi akafungua bolti, akaunganisha waya ili mashine isijue kwamba imevuliwa. Maboksi arobaini kwa dakika yakawa hamsini na tano. Chati iko ukutani mapokezi, imepanda vizuri, imepakwa rangi ya kijani.

Miezi miwili baadaye, siku ya kawaida kabisa, Redio alikuwa na mkono mmoja ndani ya rola. Fundi wa mitambo akapita na sanduku lake la spana, akamtania, naye akainua mkono wa pili kumjibu. Mama Kona akaona mkono juu. Akabonyeza.

Vidole viwili. Wiki iliyofuata ulikata utepe.

Tangu hapo Mama Kona hagusi kitufe cha kijani. Anafagia, anabeba, anafunga kamba, anakaa hadi mwisho wa zamu, lakini ukimsogeza kwenye kile kitufe mikono yake inarudi nyuma ya mgongo kama ya mtoto aliyeficha kitu. Ndipo alipoletwa kwangu arekebishwe.

Kikao cha kwanza nilimuuliza anajisikiaje. Akasema, “Mkono nimeuona, mwanangu, ukiwa juu. Nikabonyeza. Wewe ungefanyaje?” Nikamweleza kwamba humu mshauri haulizwi. Akasema, “Haya. Kifuniko kinarudi lini?” Niliandika: mteja anakwepa hisia zake.

Kikao cha pili nilimwomba afumbe macho aende mahali penye utulivu, popote anapopapenda. Alifumba. Uso ukalegea, mabega yakashuka, nikafurahi sana, maana ilikuwa mara ya kwanza zoezi lile kunifanyia kazi. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, mama, unaona nini? Akasema, “Naona kifuniko.”

Kikao cha tatu nilimpa karatasi aiandikie barua hofu yake. Ni njia inayofundishwa vyuoni. Alikaa muda mrefu, kalamu ameishika kama sindano, akaandika haya, nayanakili yote: “Hofu, salamu. Naomba ukae hapo hapo ulipo mpaka kifuniko kirudi, maana kwa sasa wewe ndiye kifuniko nilichobakiwa nacho.”

Nimesoma miaka mitatu, Ndugu Meneja Mkuu. Vitabu vikubwa, vingine vya juzuu mbili mbili. Sentensi hiyo sikuikuta humo. Nilitafuta kasoro ya kuiwekea alama kwenye fomu, nikaweka kupinda, nikafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Naambatanisha na tundu lake.

Ikiwa nitaandika kwamba amepona, nitakuwa nimesema uongo, na ataenda kusimama pale na hofu peke yake. Ikiwa nitaandika kwamba hajapona, atakwenda nyumbani na barua. Nimekaa na kalamu siku mbili nikijaribu kuona ni lipi kati ya hayo mawili linaitwa ustawi.

5. Wateja wanaficha taarifa muhimu.

Katika vikao vyote vitatu Mama Kona hakunitazama machoni. Alikuwa akitazama nyuma ya bega langu la kulia, na kila mara niliandika: anakwepa macho. Kikao cha tatu kilipokwisha, kwa mara ya kwanza nikageuka kuona anachokitazama.

Nyuma ya kiti changu kuna lile bango la Mpango, la mwanamke mwenye meno meupe aliyeshika glasi ya maji, na chini yake maneno UTULIVU HUANZA NA WEWE. Bango nililibandika mimi mwenyewe kwa gundi ya kiwanda, juu ya bamba la chuma nililolikuta limeegemezwa ukutani nilipopewa chumba. Nilidhani ni ubao wa matangazo. Lina matundu manne kwenye kona, nikadhani ni ya kuning’inizia.

Nilimuuliza Mama Kona kama ndicho kile kifuniko. Akasema ndicho. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu kikao cha kwanza. Akanionea huruma, nikaona kabisa kwamba ananionea huruma, akasema, “Nilidhani unajua, mwanangu. Nilidhani ndivyo mnavyotibu siku hizi, mtu akizoee kwa mbali.”

Naomba ulione hili kwa uzito wake. Mteja ametibiwa mara tatu mbele ya dawa yake, na dawa ilikuwa imevalishwa tabasamu.

6. Hata wasioletwa kwangu wanaanza kuumwa.

Nilimfuata fundi wa mitambo karakana kumuuliza kama bamba lile linaweza kurudi mahali pake. Hakuacha kupangusa spana. “Dada Mshauri, bolti nne na waya mmoja. Kazi ya mtu anayesubiri chai ichemke.” Kwa nini basi halirudi? “Nilitolea karatasi, nitarudishia karatasi. Humu bila karatasi iliyosainiwa hata panya hapiti.” Karatasi ya nani? “Yoyote, bora ina sahihi.” Nikamshukuru. Nilipofika mlangoni akasema, bila kugeuka, “Mkono ule alikuwa ananiinulia mimi.” Kisha akaendelea kupangusa spana ambayo ilikuwa imeshang’aa zamani.

Mtu huyo hajawahi kuitwa kwenye kipaza sauti. Hana fomu. Nambari yake siijui. Nimebaki kujiuliza wako wangapi wa aina hiyo, na Mpango una benchi moja.

Kutokana na hayo yote nimefikia hitimisho ambalo naliona halikwepeki. Wateja wangu, kila mmoja kwa njia yake, wanasema tatizo haliko ndani yao. Mwongozo wetu unasema tatizo liko ndani ya mfanyakazi daima. Siwezi kusema wote ni waongo, wala siwezi kusema mwongozo ni mwongo. Njia pekee ya kuwapatanisha ni kumpata mfanyakazi ambaye tatizo kweli limo ndani yake. Nimempata.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba Mashine Namba Mbili ipelekwe kwenye ushauri nasaha, vikao vitatu, dakika arobaini kila kimoja.

Ni mfanyakazi kamili. Ina nambari. Ina zamu, na haijawahi kuugua kichwa siku ya Jumatatu. Ina faili nene kuliko langu. Mwezi uliopita tangazo la mapokezi liliiita “nguzo ya kiwanda”, sifa ambayo hakuna mwenye damu humu ndani aliyewahi kupewa. Kipengele cha tisa cha mwongozo kinasema mfanyakazi yeyote aliyemdhuru mwenzake afikishwe kwa mshauri ndani ya siku saba. Huyu amemdhuru mwenzake wa miaka kumi na moja, na hajaitwa hata kuulizwa anajisikiaje.

Najua utasema haitapita mlangoni. Nimepima. Mlango wangu una sentimita themanini, nayo ina mita nne. Tunaweza kubomoa ukuta wa stoo ya gundi, jambo ambalo lingesaidia pia zoezi la kupumua. Au mimi niende kwake. Tayari nimefanya tathmini ya awali. Jana, mashine zikiwa zimezimwa kwa chakula, nilisimama mbele yake na fomu yangu, nikaiomba kwa upole ivute hewa ikihesabu hadi nne. Ilikaa kimya. Sikuona majuto. Wapakiaji waliokuwa wanakula karibu walinitazama, mmoja akasema, “Jamani, na mshauri naye kaanza,” na mwingine akamkemea, “Mwache, angalau anaongea na anayehusika.”

Nimeijazia fomu. Jina la mfanyakazi: Mashine Namba Mbili. Aina ya kasoro: hakuna kisanduku kilichofaa, kwa hiyo nimeandika pambizoni, kama wanavyofanya wenzangu, “imekosa kifuniko”. Hatua inayopendekezwa: kurekebishwa. Nimetia sahihi. Nakala moja iko kwako, moja kwa Mkuu wa Ubora, na ya tatu nimempa fundi, kwa kuwa yeye ndiye mlezi wake wa karibu na ni haki ajulishwe.

Ikiwa baada ya vikao vitatu mashine itakuwa bado haijapona, naomba itendewe kama Mama Kona anavyotendewa: ipewe barua, ikabidhi overoli, iende nyumbani kupumzika.

Na ikiwa utanijibu kwamba mashine ni chuma tu, haijiamulii, haina kosa, inafanya inavyoagizwa, nitakubali mara moja. Mimi si mbishi. Lakini itabidi basi tumtafute anayeiamulia, na huyo ninavyokumbuka anapita mlangoni kwangu bila shida. Kikao chake cha kwanza naweza kukipanga siku yoyote. Zaidi ya hapo sithubutu kusema. Naishia mlangoni.

Nifikishie salamu kwa katibu muhtasi wako, ambaye husema “hayupo” kwa upendo mpaka mtu anaondoka ameridhika. Msalimie Mkuu wa Ubora, umwambie fomu yake haina kasoro. Wasalimie waheshimiwa wote wa ghorofa ya juu, na nyumbani kwako mama watoto na watoto, wakubwa kwa wadogo, na yeyote aliyeko hapo anayesoma barua hii juu ya bega lako.

Nabaki kuwa mtumishi wako, mwenye pumzi ya kutosha kwa sasa,

Mratibu, Mpango wa Ustawi na Ushauri Nasaha
Chumba cha mwisho, baada ya gundi

N.B. Barua hii ilikaa masijala wiki nzima ikisubiri muhuri, nimeiomba irudi niongeze haya, maana karibu kila nililokueleza hapo juu si kweli tena.

Fundi alipokea nakala yake, akaona “kurekebishwa” na sahihi chini, akaichukulia kama karatasi nyingine yoyote ya kazi. Alikuja chumbani saa ya chakula, akalibandua bango taratibu bila kumchana yule mwanamke, akabeba bamba. Dakika kumi na nane. Sahihi ni yangu, si yake; ukimtafuta wa kumuuliza, mimi nipo. Mashine haihitaji kikao hata kimoja. Inatoa maboksi arobaini na moja kwa dakika, moja zaidi ya zamani, sijui kwa nini.

Ijumaa asubuhi Mama Kona alisimama mbele yake. Akainua kifuniko, akabonyeza kitufe cha kijani, haikuwaka. Akakishusha, akabonyeza, ikawaka. Akafanya hivyo mara sita, safu nzima ikimsubiri, na hakuna aliyemwambia afanye haraka. Kisha akafanya kazi mpaka mwisho wa zamu. Saa nane ilipofika niliipeleka fomu yake bila sahihi, na chini nikaandika kwamba mfanyakazi huyu hakuwa na kasoro na hakupaswa kuletwa.

Nilidhani nimemalizana naye. Jana kaja bila kuitwa, tena hakuja peke yake: kamleta Redio, mkono ukiwa bado umefungwa kitambaa. Mama Kona alikaa, na kwa mara ya kwanza hakutaja kifuniko. Alilia. Redio ndiye aliyeongea: “Lia, mwenzangu, lia. Mimi nililia zangu nyumbani peke yangu, kila siku nikikusubiri, mpaka nikachoka kuchemsha chai ya watu wawili. Nani kakwambia nina hasira na wewe? Ungekuja ungeniuliza!” Mama Kona akasema aliogopa kuuona mkono. Redio akaufungua kitambaa, akauweka mapajani mwa mwenzake. “Haya, uone.” Dakika arobaini zilipita, nikaziacha zipite. Sikuandika chochote. Nakiri sikutakiwa kufanya kitu ila kuwepo, na mlango kufungwa.

Kwa hiyo naondoa malalamiko yangu yote, la kwanza hadi la sita, pamoja na ombi langu. Chumba kinahitajika. Kikao cha nne hakimo kwenye mwongozo, lakini wamesema watarudi wiki ijayo, na fundi ameuliza kama naye anaweza kuja. Viti viko viwili tu. Jana nilikalia boksi. Naomba kiti kimoja kwanza. Redio anasema kiwe na pa kuegemeza mkono.